Macho Meupe Mno

Siku mliyoniaga pale kliniki mlinipa leso mbili, kikombe chenye picha ya jicho na maneno mengi matamu. Mlisimama mmoja mmoja mkasema Sista Rodah alikuwa mkali, alikuwa mtu wa saa, na hakuwahi kukosea. Nilikuwa nimekaa pale na kipande cha keki mkononi, nikichunguza nyuso zenu nione ni nani anayedanganya. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Mliamini kabisa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mtu anayeaminiwa hivyo hakuna anayemkagua. Nimekaa hapa nyumbani Migosi wiki ya tatu sasa, sina foleni wala koti jeupe, nikaona niwaandikie. Msome, hata kama mtakosa chai ya saa nne.

Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye faili la ofisi. Mimi nitawaambia ya kazi.

Nilikuja Kisumu nikiwa muuguzi mchanga, mtu wa Vihiga, Kijaluo changu kikiishia kwenye salamu. Kliniki ya macho wakati ule ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara, na mwenye chumba alikuwa Mzee Okumu, afisa wa kliniki aliyevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alinipa fimbo akanisimamisha kando ya ubao wa kupimia macho, ule wenye herufi moja tu ya E iliyogeuzwageuzwa. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, "Miguu yake inaangalia wapi?" na mgonjwa aonyeshe kwa mkono: juu, chini, kushoto, kulia. Mgonjwa wa tatu alikuwa dereva wa lori. Alionyesha mistari yote mpaka ule wa chini kabisa bila kusita, nikaandika kwamba anaona vizuri. Mzee Okumu akainuka, akaupindua ubao juu chini, akamwambia aanze tena. Dereva akaonyesha vilevile alivyoonyesha mwanzo, bila kubadilisha hata mmoja. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni wakati wenzake wawili wanapimwa, akatazama mikono yao, akakariri.

"Huyu sio mtu mbaya, Sista," Mzee Okumu aliniambia dereva alipotoka. "Anataka tu kazi yake isiishe. Lakini ukimwamini, kuna mtu atakanyagwa huko Ahero."

Somo lile lilinikuta tayari. Mama yangu alikuwa mtu wa kunusa maziwa mara tatu kabla ya kutumiminia sisi watoto, na mimi nilimrithi hivyohivyo. Kazi ya macho ilinipa tu kibali cha kushuku watu nikiwa nimevaa koti.

Mzee Okumu alinifundisha kuanza na jicho ambalo mgonjwa hakulilalamikia. Mtu analeta jicho moja linalouma na kusahau kwamba lile lingine limenyamaza tangu mwaka jana. Alinifundisha pia kupima kwa vidole. Mgonjwa anatazama chini, unaweka vidole viwili vya shahada juu ya kope, unabonyeza kidogo kwa kupokezana, kama mama anayechagua parachichi sokoni. Jicho zima linabonyea kidogo. Jicho lenye presha halibonyei. Baadaye ndipo alinikabidhi kipimo chenyewe, kichuma kidogo chenye mshale, kinachosimamishwa juu ya jicho baada ya kulitia dawa ya ganzi. Mshale ukisogea sana, presha iko chini. Ukisogea kidogo, presha iko juu. Nilikipenda mara moja, kwa sababu nacho kilitaka usiamini unachokiona mpaka ufikirie. Alikuwa akikifuta kwa spiriti na kukiacha kikauke kabisa kabla ya kukiweka kwenye jicho la mtu, maana spiriti mbichi inaunguza kioo cha jicho. Nyinyi mna mashine za kisasa zinazotoa sauti na kuandika namba. Bado fikirieni.

Kuna bibi mmoja aliyeletwa kutoka Sondu na wajukuu zake. Alisema haumwi na chochote, na kwamba wajukuu wanamsingizia. Nilimnyooshea mkono wa salamu bila kusema neno, hakuupokea. Nikausogeza karibu na pua yake, bado hakuupokea. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, weupe ule unaofunika mboni mpaka mtu abaki kuona mwanga tu. Alikuwa ameambiwa kijijini kwamba sisi tunaling'oa jicho, tunaliosha kwenye karai, kisha tunalirudisha, na wakati mwingine tunachanganya macho ya watu. Ilibidi nimweleze pole pole kwamba jicho halitoki. Ndani yake kuna lenzi iliyochafuka kwa uzee, daktari anaitoa kupitia tundu dogo na kuweka nyingine ya plastiki. Hakuna dawa ya matone inayoyeyusha mtoto wa jicho, na atakayewaambia ipo, mwulizeni anauza nini. Bibi alipofunguliwa bandeji kesho yake alinitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni wewe ulikuwa na ile sauti mbaya?" akasema. "Mimi nilidhani ni mzee."

Macho mekundu ndiyo yaliyonipa kazi nyingi zaidi, na ndiyo yaliyoniharibu tabia. Huku ziwani kila jicho jekundu lina daktari wake nyumbani. Wametia maziwa ya mama, maji ya majani ya chai, mkojo, maji ya kitunguu, na dawa iliyobaki ya ng'ombe. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapofuka. Jicho linalowasha sana na kutoa utando mwembamba, mara nyingi ni aleji ya vumbi au moshi. Jicho lenye tongotongo nyingi za manjano ni maambukizi. Lakini jicho jekundu linalouma, linaloogopa mwanga, na kuona kwake kumepungua, hilo si la kuchezea. Huenda kioo kina kidonda, au kuna uvimbe ndani. Na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Dawa inayotuliza uvimbe, ile tunayoiita deksa, ni ya familia ya steroidi. Ukiitia kwenye kidonda cha kioo, kidonda kinakula jicho. Ukiitia kwa miezi bila kupima, inaweza kuziba njia ambayo maji ya ndani ya jicho hupitia kutoka nje, presha ikapanda na kuuponda mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hiyo ndiyo glakoma. Haiumi. Mtu anaanza kupoteza pembeni, pole pole, na katikati ndiyo inayobaki ya mwisho, kwa hiyo anaendelea kusoma Biblia na kupiga simu akidhani yuko salama. Kilichopotea hakirudi, hata uende wapi.

Kwa sababu hiyo niliweka beseni la bluu chini ya meza yangu. Mgonjwa akifika, swali la kwanza: unatia nini? Toa kichupa. Kama sikukipenda, kinaingia beseni. Sikurudisha hata kimoja. Wengi walilalamika, wengine walilia, na mimi nilijisifu moyoni kwamba naokoa macho. Sikujua kwamba habari za lile beseni zilikuwa zimenitangulia kila mahali, na kwamba wanawake walikuwa wakionyana kwenye foleni waniambie nini.

Jambo la mwisho la kuelewa kabla sijafika penyewe ni vitabu. Nyinyi mnaandika kwenye kompyuta, ikizima mnaenda kukaa nje. Sisi mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, la kurasa thelathini na mbili, jina limeandikwa juu. Tulichoandika humo ndicho kilichokuwa faili, ndicho kilichokuwa barua ya kwenda duka la dawa, na mgonjwa alirudi nacho nyumbani. Madaktari waliandika mikwaruzo. Mimi niliandika Kiswahili, kwa herufi za kusimama, ili mgonjwa asome mwenyewe. Nilijivunia sana mwandiko wangu. Mzee Okumu, kabla hajastaafu, aliniambia mwandiko mzuri ni hatari kwa sababu watu wanauamini. Nilidhani ananionea wivu.

Sasa Asembo Bay. Mara moja kwa mwezi tulikuwa tukienda huko na gari la hospitali, tunapima watu kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Asubuhi moja akaingia mama mwenye miaka kama thelathini na mitano, wanamwita Mama Vivian. Kazi yake ni kukaanga samaki pale sokoni, kwa kuni, toka asubuhi mpaka jioni.

"Nataka miwani, Sista," akasema. "Siku hizi nagonga watu. Jumapili nimegonga mlango ya kanisa na hii bega."

Nikamwinua kidevu nimtazame. Macho yake yalikuwa meupe. Hayakuwa na mshipa mmoja mwekundu, hayakuwa na kope zilizovimba, yalimetameta kama ya mtoto mchanga. Niliwajua wanawake wanaokaa kwenye moshi ule. Macho yao huwa mekundu mwaka mzima na wanayasugua kwa mgongo wa mkono hata wakiongea nawe. Nikamshuku papo hapo.

"Unatia dawa gani?"

"Hakuna."

"Hata ya kununua?"

"Hakuna, Sista. Mimi ni maji ya Mungu tu."

"Fungua mkoba."

Akaukumbatia mkoba. Kwenye benchi nyuma yake walikaa wanawake wengine watano wa samaki, na wote watano walitazama sakafu kwa wakati mmoja. Hapo nikajua kuna kitu. Nikaacha mkoba, nikamlaza, nikamtia ganzi, nikasimamisha kipimo juu ya jicho la kulia. Mshale haukusogea kabisa. Nikaongeza kizito juu ya kile kichuma, bado mshale ulisogea kidogo sana. Kushoto palikuwa na nafuu, lakini nafuu ya kutisha. Nikachukua tochi ya kuangalia nyuma ya jicho. Jicho la kulia mshipa ule wa kupeleka picha ulikuwa mweupe, umechimbika mpaka ukingoni. La kushoto lilikuwa limebakiza ukingo mwembamba. Nilimfunika la kushoto nikamwuliza vidole vingapi. Akasema anaona tu kwamba kuna mtu.

Nilimwambia ukweli kuhusu jicho la kulia, kwamba limekwenda, na kwamba la kushoto linafuata njia hiyohiyo. Hakulia. Alikaa akishika ukingo wa kitanda. Kisha akafungua fundo la leso yake kiunoni, akatoa kichupa chenye kifuniko cha pinki.

"Hii sio ya mganga," akasema. "Ni ya hospitali. Inatoa moshi kwa macho kabisa. Tafadhali usiweke kwa beseni."

Ilikuwa deksa. Nilimwuliza ameitumia muda gani. Akasema tangu Vivian aingie darasa la nne. Vivian alikuwa darasa la sita.

Saa ya chakula nilitembea kwenda duka la dawa la sokoni na hasira zangu zote. Njiani nilikuwa nimeshaandika kichwani barua ya kumshtaki. Mwenye duka, Bwana Oduor, alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na upole wake nikauhesabu kuwa ushahidi. Nikaweka kichupa juu ya kaunta nikamwuliza nani amempa ruhusa ya kuwauzia wanawake steroidi miaka miwili.

"Lakini Sista, mimi siuzi bila kitabu," akasema. Akafungua droo, akatoa daftari ndani ya mfuko wa nailoni. "Hii ndio walikuja nayo. Wako sita. Waliomba ikae hapa ndio isilowe mafuta huko kwao. Mmoja anatumwa, anachukulia wengine."

Juu ya daftari palikuwa na jina la Nereah. Nilimkumbuka. Alikuwa mkaanga samaki pia, na alikuja kwangu na uvimbe wa kweli ndani ya jicho, jekundu, linaogopa mwanga. Deksa ndiyo ilikuwa dawa yake. Aliporudi baada ya wiki moja alikuwa na nafuu, na foleni ilikuwa ndefu. Bwana Oduor alinifungulia ukurasa wenyewe. Herufi za kusimama, safi, kila moja inasomeka: Deksa, tone moja, mara nne kwa siku. Endelea na dawa hiyohiyo. Na sahihi yangu.

Sikuwa nimeandika mpaka lini. Nilikuwa na nia ya kumwona tena wiki iliyofuata, na nia yangu haikuandikwa popote. Nereah alihamia kwa bintiye Homa Bay, akawaachia wenzake daftari vile wanavyoachiana sufuria na majiko, kwa sababu wote walikuwa na shida moja ya moshi na dawa ilikuwa imesaidia. Kitabu kilisema endelea, wakaendelea.

"Hata mimi huwaambia," Bwana Oduor akasema, akitaka kunifurahisha, "mwandiko ya huyu sista ndio ya kusomeka. Sio kama ya madaktari."

Nilishika kaunta kwa mikono miwili. Aliniletea kiti, akaniletea maji. Alipogeuka kumhudumia mteja nilibaki na daftari mapajani, na nitawaambia ukweli kwa sababu ndio niliokaa kuandika: nilishika ule ukurasa kwa vidole viwili. Karatasi ya daftari ikichanwa pole pole karibu na pini haitoi sauti. Nilifikiria miaka iliyobaki, na leseni, na jina langu. Kisha mteja akaondoka, Bwana Oduor akageuka, nami nikaomba niondoke na daftari zima. Sijui kama ningeuchana. Naomba msiniulize.

Siku ileile niliwaita wale wanawake wengine watano na kuwapima. Si kila jicho hupandisha presha kwa deksa, na hiyo ilikuwa bahati yao. Mmoja tu alikuwa juu kidogo, na ilishuka alipoacha. Nilimkataza kila mmoja kuitumia, nikawapa kitambaa cha maji baridi na matone ya kawaida ya aleji, na kuwaonyesha jinsi ya kugeuza jiko ili upepo uwe mgongoni. Kwa nini waache, niliwaambia tu kwamba dawa ile imepitwa na muda. Mama Vivian nilimwuliza kwanza kama ana pumu, kwa sababu matone ya kushusha presha yanaweza kumziba pumzi mwenye pumu. Hakuwa nayo, nikamwanzishia. Nikarudi Kisumu na daftari la Nereah ndani ya mkoba wangu, na kwa wiki mbili sikumwambia mtu.

Baada ya wiki mbili Mama Vivian alikuja Kisumu. Presha ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka lakini haikufika panapotakiwa. Daktari wetu wa upasuaji alisema lazima afunguliwe njia mpya ya maji kutoka ndani ya jicho, haraka. Ndipo nilipoingia kwake, nikafunga mlango, nikamwonyesha daftari. Alisoma, akavua miwani.

"Mwambie," akasema. "Lakini mwambie baada ya upasuaji. Ukimwambia leo atatoroka, na hilo jicho litakwenda. Unataka kusafisha roho yako kwa jicho lake?"

Alikuwa na hoja. Nimeipima hoja ile mara nyingi na bado ina uzito. Lakini mimi nilikuwa nimewashuku watu maisha yangu yote kwa kuficha mambo kwa sababu nzuri, tangu yule dereva. Nilijua pia kwamba sababu nzuri ilikuwa inanifaa mimi kuliko inavyomfaa yeye. Nikaenda nikaketi karibu naye kwenye benchi ya varanda, nikaweka daftari mapajani mwake, nikamweleza lote.

Alilisogeza daftari karibu na jicho la kushoto, akasoma mstari ule kwa kidole. Akaurudia mpaka wagonjwa wawili wakaitwa.

"Siku ile ulisema nifungue mkoba," akasema, "ulikuwa unatafuta nani?"

Nilitazama sakafu.

"Miaka miwili tunakuogopa wewe na beseni yako. Tunaficha dawa yako, tusikuudhi." Akasimama. "Halafu leo unataka nikupe hii imebaki, muweke kisu."

Akaondoka akipapasa ukuta kwa mkono wa kulia, upande ambao hakuwa anauona. Daktari alinitazama kupitia dirisha, akarudi kwa wagonjwa wake. Nililia chooni kama mwanafunzi.

Nilienda Asembo mara mbili siku zangu za mapumziko. Mara ya kwanza hakuniangalia. Mara ya pili alikuwa anageuza samaki, akaniacha nisimame kwenye moshi mpaka macho yangu yakatoa machozi, kisha akanisukumia kigoda. Sikumbembeleza. Nilimwuliza tu kama anatia matone ya presha, akasema anatia.

"Nisipokuja, hii jicho itaenda lini?" akauliza.

"Sijui. Labda mwaka. Labda mapema zaidi."

"Na mkikata, itapona?"

"Hapana. Itabaki vile ilivyo, Mungu akipenda. Haitaongezeka."

Akageuza samaki wengine wawili. "Sasa hapo ndio umeongea," akasema. "Ile siku ya kwanza ulikuwa unajua kila kitu."

Alikubali, kwa masharti. Mimi nisiguse kisu, na nikamwambia sijawahi kukigusa. La pili: hakuna mtu atakayetia kitu chochote kwenye jicho lake kabla hajasoma jina la dawa kwa sauti, kazi yake, na siku ya kuiacha. Anayeyajua hayo, sawa. Asiyejua, aende akaulize kwanza. Nikampelekea daktari masharti yale. Daktari akayakubali, lakini kwa kunung'unika.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Presha ilishuka ikatulia. Mama Vivian anaona sufuria yake, anamwona mteja aliyesimama mbele yake, anasoma ujumbe wa Vivian kwenye simu. Akitaka kujua nani yuko kando, anageuza kichwa chote. Jicho la kulia linajua mchana tu. Sikumrudishia chochote, na sitaki mtu yeyote aniambie kwamba nilimwokoa. Ripoti ya kosa niliiandika mwenyewe, ikasomwa na wakubwa tu, nikapewa onyo, na beseni nikalitoa chini ya meza.

Sasa mmoja wenu, sitamtaja jina, anajijua. Wiki yangu ya mwisho Mama Vivian alikuja kupimwa presha. Foleni ilikuwa mpaka nje, na wewe ulikuwa na haraka. Ulimwinua kidevu, ukashika kichupa cha ganzi, na yeye akakukamata mkono hewani.

"Soma kwanza."

"Mama, hii ni ile ya kawaida tu."

"Soma."

Ukanigeukia ukicheka kidogo, ukaniambia, "Sista Rodah, mwambie basi. Nyinyi mmejuana miaka."

"Huyu?" Mama Vivian akasema, bila kuachia mkono wako. "Huyu ndio sababu."

Ulidhani ni mzaha, kwa sababu hakuna aliyewahi kukusimulia. Nilikuchukulia kile kichupa. Nikasoma jina kwa sauti, nikasema kazi yake, nikasema ni tone moja, leo tu, na hakuna la kesho. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho, ndipo akafungua jicho.